Barua za Januari: saa sita usiku, hatua ya kwanza na nyumba ya marehemu

Kila Januari mfuko wetu wa barua hufura. Watu wametoka kwao, wamekaa na ndugu siku kumi, watoto wamesimamishwa mgongo kwa mgongo wakapimwa urefu, wazee wamekaguliwa, na maneno yaliyokuwa yamelala mwaka mzima yameamshwa. Tumechagua barua sita. Waliozijibu ni watu wa wodi, kliniki, darasa na mahakama.

Amezaliwa mwaka gani?

*Salaam. Mke wangu alijifungua Jumatano ya Desemba 31, saa 5:50 usiku. Kadi ya mtoto imeandikwa Januari 1. Mama yangu anasema kadi iko sawa, kwa kuwa usiku ule ulikuwa wa Alhamisi. Mke wangu hataki kusikia. Tumshike nani? – Baba mpya, Pangani*

Hongera, na mtoto akue. Mama hajakosea kwa hesabu yake. Pwani siku huanza jua linapozama, ndiyo maana usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa yenyewe. Usajili wa vizazi haufuati hesabu hiyo. Kwake siku hugeuka saa 6:00 usiku. Saa 5:50 bado ni Desemba 31.

Makosa haya hutokea sana usiku ule mmoja, na sababu yake ni ya kawaida. Mtoto anatoka, anakaushwa, analazwa kifuani kwa mama, kondo linasubiriwa, damu inaangaliwa, mtoto anapimwa uzito. Muuguzi anapokaa kuandika, saa imeshavuka sita, naye anaandika tarehe ya muda ule. Saa inayohesabiwa ni ile mtoto alipotoka mwili mzima. Imeandikwa kwenye patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, na kwenye rejista ya chumba cha kujifungulia.

Rudini wodini na kadi, mwombe waangalie rejista, wasahihishe kadi na tangazo la kizazi, kisha waweke saini na mhuri penye sahihisho. Fanyeni hivyo kabla ya kwenda RITA, ofisi ya usajili, kuchukua cheti. Muda wa kawaida wa kusajili ni siku 90 tangu kuzaliwa, kwa hiyo hamjachelewa. Cheti kikishatoka na kosa, mtahitaji kiapo na vielelezo, na safari za ofisini zitakuwa nyingi. Mkiiacha Januari 1 kwa sababu inapendeza, mtoto atakuwa na tarehe moja kwenye rejista ya hospitali na nyingine kwenye cheti, na siku moja kuna karani atazilaza pamoja mezani.

Miezi 13, hatembei

*Shikamooni. Tulikuwa Moshi kwa Krismasi. Binamu yake wa miezi 11 anakimbia uani, wangu wa miezi 13 anashika viti tu. Shangazi wa mume wangu amesema nimempakata mno. Nimnunulie kile kigari cha magurudumu? – Mama K., Dodoma*

Marahaba. Kigari usinunue. Tutarudi hapo.

Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema wa nchi tano, Oman na Ghana zikiwemo, na mwaka 2006 likatoa vipimo vya umri wa kila hatua. Kukaa bila kushikiliwa: kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kusimama peke yake: 6.9 hadi 16.9. Kutembea peke yake: 8.2 hadi 17.6. Angalia upana wa hicho cha mwisho. Anayetembea miezi 9 na anayetembea miezi 17 wote wamo ndani. Wapo hata wasiotambaa kabisa. Huburuza makalio, kisha siku moja wakasimama. Mtoto anayeshika kiti na kusogea pembeni kiti hadi kiti yumo njiani, tena yuko karibu kufika.

Kwanza hesabu umri wake vizuri. Kama alizaliwa njiti, toa wiki alizowahi. Aliyezaliwa wiki ya 34 badala ya 40 ana wiki 6 za kupunguza, hivyo miezi 13 yake ni kama 11 na nusu. Hesabu hii hutumika hadi miaka miwili.

Kisha mpe kazi. Miguu iwe peku, maana vidole ndivyo vinavyoshika sakafu. Viatu ni vya kutokea nje. Panga stuli mbili zenye kimo cha kifua chake, ziachane kama futi moja, na kitu anachokipenda kiwe juu ya ile ya pili. Akishazoea, ongeza nafasi kidogo kidogo mpaka alazimike kuachia mkono mmoja. Chukua boksi la katoni, tia kilo 4 za mchele ndani, alisukume. Boksi tupu humkimbia akaanguka kifudifudi, lenye uzito humsubiri. Ukimsaidia, mshike nyonga. Akivutwa mikono juu hutembea kwa ncha za vidole huku mwili unaning'inia, na hapo hajifunzi kubeba uzito wake.

Kigari kina kasoro hiyo hiyo: kinambeba, naye anasukuma kwa vidole. Kibaya zaidi, kinampa mwendo kabla hajapata akili ya kusimama. Sekunde tatu yuko kwenye jiko la mkaa au kizingiti cha baraza. Kanada ilipiga marufuku kuviuza tangu 2004.

Mpeleke kliniki bila kungoja ukiona anatumia upande mmoja tu wa mwili, miguu imelegea kama kitambaa au imekakamaa kama fimbo, mguu mmoja unaonekana mfupi na mikunjo ya paja haifanani, vifundo vya mikono vimevimba na miguu inapinda, au ameacha jambo alilokuwa analiweza. Hilo la mwisho lisisubiri hata wiki. Kama hakuna kati ya hayo, mngoje hadi miezi 18. Siku hiyo ana chanjo ya pili ya surua na rubela, kwa hiyo mtakuwa mbele ya muuguzi hata hivyo. Kama bado hatembei, mwambie achunguzwe.

Shangazi mwitikie tu. Kupakata hakuchelewishi miguu, ilimradi mtoto ashuke chini kila siku akacheze.

Amevunja ungo, kisha kimya

*Binti yangu ana miaka 11. Alivunja ungo Novemba mwishoni. Desemba yote hakuona kitu, na leo ni Januari 9. Tulikuwa nyumba yenye watu wengi, nina hofu siwezi kuitamka. – Mama, Tabora*

Mama, kwa msichana aliyeanza juzi, siku 40 na kitu bila hedhi ni jambo la kawaida. Miaka miwili ya mwanzo mayai hayapevuki kila mwezi, kwa hiyo mizunguko ya siku 21 hadi 45 hukubalika, na mara moja moja hupita hapo. Zikitimia siku 90 bila kuona, au damu ikipita siku 7, au akilowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, nendeni hospitali.

Hofu yako nayo usiizike. Kaa naye mkiwa wawili tu, mkono ukiwa na kazi, mchambue mchele au umsuke, umuulize waziwazi kama kuna mtu alimgusa au kumtisha. Usianze na "nani amekuharibu". Akisema ndiyo, au akinyamaza kwa namna isiyo yake, kituo cha afya kina kipimo cha mimba cha mkojo na kuna dawati la jinsia polisi. Nguo alizovaa siku hiyo zisifuliwe.

Mfundishe kuandika tarehe ya siku ya kwanza ya kila hedhi nyuma ya daftari. Kama anatumia vitambaa, vilowekwe kwanza kwenye maji baridi, kwani ya moto hugandisha damu kwenye uzi, halafu sabuni, halafu jua kali. Kuanika chini ya godoro kwa aibu ndiko kunakoleta fangasi.

Mama ameacha dawa, anasema amepona

*Mama yangu ana miaka 67. Tarehe 26 Desemba tulimpima presha: 168/95. Kumbe tangu Oktoba ameacha amlodipini, anasema hajisikii kuumwa na ile dawa ilimvimbisha miguu. Nimemnunulia mashine. Nimpe vidonge viwili afidie? – Kijana wake, Mbeya*

Viwili hapana. Amlodipini hupanda taratibu, hufikia nguvu yake kamili baada ya wiki moja hadi mbili, hivyo kuongeza dozi leo hakuishushi presha ya jana. Miguu ndiyo itavimba zaidi. Kuvimba huko ni tabia ya dawa yenyewe na daktari ana njia: kupunguza dozi, kuongeza dawa ya pili, au kubadili kabisa. Mzee anayesema "ilinivimbisha" ametoa sababu ya maana. Mpeleke wiki hii, na ubebe paketi zote za dawa anazomeza, hata za duka la jirani. Tunasisitiza za duka la jirani kwa sababu wazee wengi wenye maumivu ya magoti hununua diklofenaki kila siku, na dawa za kundi hilo hupandisha presha na kuumiza figo. Unaweza kukuta huyo ndiye mchawi.

Kipimo kimoja cha sikukuu, baada ya pilau na kelele za wajukuu, hakitoshi kuamulia. Fanya hivi. Pima mzingo wa mkono wake wa juu kwa futi kamba. Mkanda wa kawaida wa mashine nyingi ni wa sentimita 22 hadi 32; mkono ukizidi hapo, mkanda mdogo utasoma presha ya juu kuliko ilivyo. Mashine ya kufunga mkono wa juu ni bora kuliko ya kifundo. Aende haja ndogo kwanza. Nusu saa kabla asinywe kahawa. Akae kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote chini, miguu isipishane, mkono ulale mezani usawa wa moyo, mkanda uguse ngozi wala si juu ya kitenge. Dakika 5 za utulivu. Hakuna kuzungumza, hata salamu za mlangoni. Pima mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku 7. Siku ya kwanza ifute, zilizobaki jumlisha ugawanye. Wastani wa nyumbani ukifika 135/85 au zaidi, presha ipo. Daftari hilo ndilo la kumpelekea daktari.

Chumvi: kipimo cha mtu mzima kwa siku ni chini ya gramu 5, kijiko kimoja cha chai, kila kitu kikiwemo. Nyumba ya watu wanne inastahili gramu 600 kwa mwezi. Kama pakiti ya kilo inaisha mwezi haujaisha, kila mmoja anakula zaidi ya gramu 8, na hapo hatujagusa zile kubi za mchuzi wala ng'onda.

Akipata mdomo kwenda upande, mkono kuishiwa nguvu, ulimi kuwa mzito, maumivu ya kifua, au presha ikafika 180/120 pamoja na kichwa kuuma vibaya au macho kupata ukungu, hiyo ni ya hospitali saa hiyo hiyo. Usimpe kitu chini ya ulimi wala kumngojea mjomba mwenye gari.

Kidato cha kwanza bweni, fedha haitoshi

*Mwanangu amepangiwa bweni. Fomu ya maelekezo ina vitu 31. Fedha niliyonayo haifiki nusu. Niwahi kununua nini? – Baba, Singida*

Soma fomu ukiwa na kalamu, ugawe vitu mafungu matatu: visivyokwepeka siku ya kuripoti, vinavyoweza kufuata wiki ya pili au ya tatu, na vilivyomo nyumbani. Ada yenyewe haipo katika shule za serikali tangu 2016, kwa hiyo mzigo wako ni vifaa.

Fungu la kwanza lina karatasi kabla ya vitu. Fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na kupigwa mhuri, nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti. Hizi ni nafuu na ndizo zinazorudisha watu getini. Hospitali ya wilaya hujaa wiki ya kuripoti, nenda kabla.

Halafu godoro la ukubwa uliotajwa, mara nyingi futi 2½ kwa 6. La futi 3 halikai kwenye kitanda cha deka, litakunjika ukingoni na kukatika sponji. Neti, shuka mbili, sare jozi moja kamili, viatu vyeusi vya kamba. Sare ya pili ifuate. Fundi aache pindo la inchi 3 kwenye suruali, maana mvulana wa miaka 13 anaweza kurefuka sana kabla ya Desemba. Viatu vipite kidole gumba kwa upana wa kidole kimoja, pima jioni mguu ukiwa umetanuka.

Tranka ndilo watu wanaloibiwa hela. Lifungue na ulifunge mara kumi dukani. Bawaba ziwe zimepigwa ribiti, siyo kuchomelewa nukta moja. Tia kidole kwenye pembe: kona isiyokunjwa itachana nguo na mikono. Kufuli liwe na funguo mbili, ya pili akae nayo matroni au patroni.

Jembe, fyekeo na ndoo angalia nyumbani kabla ya kununua. Mpini mpya kwenye jembe la zamani unatosha. Andika jina kwa rangi ya mafuta kwenye ndoo na mpini, na kwa uzi kwenye nguo, kwa sababu wino wa kalamu hutoka fuo la tatu. Kilichobaki mweleze mkuu wa shule kwa barua, ukitaja tarehe utakayoleta kila kimoja. Barua yenye tarehe hupokelewa vizuri kuliko maelezo ya mdomo. Mkopo wa kausha damu usiuguse kwa ajili ya rimu ya karatasi: 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa wiki ni 40,000 za riba tupu kwa wiki nne, na deni lenyewe bado liko palepale.

Kuna kitu kisichomo kwenye fomu. Kama amesoma msingi kwa Kiswahili, wiki ijayo fizikia na jiografia atazikuta kwa Kiingereza. Wengi hushuka muhula wa kwanza kwa kutoelewa swali, siyo kwa kutojua jibu. Siku zilizobaki akariri kwa Kiingereza maneno ya kuamrisha ya mtihani: taja, eleza, fafanua, linganisha, toa sababu, chora. Kumi na tano yakimkaa kichwani ameshavuka mto mkubwa. Kamusi ndogo iende ndani ya tranka hata kama ndoo itachelewa.

Kikao cha ukoo kimemchagua kaka, ameuza kiwanja

*Baba alifariki Agosti, Tanga. Sisi ni Waislamu. Ameacha wake wawili, watoto wa kiume watatu na wa kike wawili. Desemba 27 ukoo ulikaa ukamchagua kaka mkubwa kuwa msimamizi. Wiki iliyofuata akauza kiwanja, anasema ana muhtasari wa kikao. Ana haki? – Binti wa marehemu*

Pole kwa msiba. Haki hiyo hana. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina. Anayeteua ni mahakama. Kabla ya barua ya usimamizi hakuna mwenye mamlaka ya kuuza hata kigoda cha marehemu, na aliyenunua amenunua kesi.

Njia yenyewe ni hii. Kifo kisajiliwe na cheti cha kifo kitolewe. Muhtasari wa ukoo uorodheshe warithi wote, wa wake wote, na waliohudhuria watie saini. Kwa mirathi ya Kiislamu au ya kimila, mwombaji hupeleka hivyo Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi, anajaza Fomu namba 1, na tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi aje. Pasipo pingamizi hupewa Fomu namba 4, ndiyo barua yenyewe. Ndani ya miezi minne anatakiwa kurudisha Fomu namba 5, orodha ya mali na madeni, kisha namba 6, hesabu ya mgawanyo. Hapa ndipo wengi hupotelea: wakishapata namba 4 hujiona wenye mali, namba 5 hawaijui. Msimamizi hukusanya, hulipa madeni na hugawa. Anachopata kwa jina lake ni fungu lake la mrithi tu.

Wewe leo fanya mawili. Nenda Mahakama ya Mwanzo uulize kama maombi yamefunguliwa. Kama yamefunguliwa, weka pingamizi kwa maandishi ukieleza mauzo. Na kama kiwanja kina hati, weka zuio kwa Msajili wa Hati. Kama hakina, ipe serikali ya mtaa barua na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa, kwa sababu mnunuzi atapita hapo kutafuta saini.

Kuhusu mafungu, tuseme baada ya mazishi, madeni na wasia usiozidi theluthi imebaki milioni 80, na wazazi wa marehemu hawako hai. Wake wana thumni, yaani moja ya nane, kwa pamoja: milioni 10, kila mmoja 5. Milioni 70 zinagawanywa mafungu 8, mwana wa kiume mawili, wa kike moja: kila kaka 17.5, wewe na dada yako 8.75 kila mmoja. Kabla ya hesabu hii, mama zenu kila mmoja aeleze alichochuma pamoja na marehemu. Jasho lake kwenye ile nyumba si la kurithiwa, ni lake, na litolewe kwanza. Akiwa na risiti ya mabati, hata moja, aende nayo.